Vigelegele Vilivyozama Majini

Shangazi yangu mdogo aliolewa Kikwajuni, Unguja, mwaka 1987. Usiku wa taarabu baba aliweka radio kaseti juu ya kiti cha mbao, hatua chache kutoka kwenye spika, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaenda zake kupokea wageni. Kanda ikazunguka yenyewe mpaka upande wa kwanza ukaisha, mtoto mmoja akatumwa aigeuze. Zilizonaswa ni dakika 60 za ganuni, udi, fidla, akodioni, dumbaki na rika, pamoja na vikohozi, kiti kinachoburutwa, na vigelegele vya bibi yetu, mama wa bibi harusi. Vigelegele vya bibi kila mtu wa ukoo alivijua. Vilianza chini, vikapanda, vikakatika ghafla kama uzi.

Mwaka 2004 baba aliipeleka ile kanda dukani ihamishiwe kwenye CD. Siku hizo ilikuwa fahari kuwa na CD moja yenye nyimbo 150, na kijana wa duka alifanya kama alivyowafanyia wateja wote: aliibana harusi ikawa faili dogo la MP3, nafasi iliyobaki akaijaza nyimbo nyingine kama zawadi. Kanda ilibaki dukani. Tulipoifuata, ilikwisha kurekodiwa mambo mengine juu yake.

Faili likabaki yatima. Likatoka kwenye CD likaingia kwenye kompyuta, likahamia flashi, likaenda kwenye simu. Kuna siku lilikataa kutumwa, basi mtu mmoja akalipiga kwa simu yake na mwenzake akalirekodi kwa simu nyingine. Idi iliyopita binamu yangu akalirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nami nikamwekea shangazi simu sikioni.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mama? Mbona kama anapiga vigelegele ndani ya maji?"

Shangazi hajui kodeki, yaani programu ya kubana na kufungua sauti, ni nini, wala hana haja ya kujua. Lakini neno alilolichagua ndilo hilohilo wanalolitumia wahandisi wa sauti: muziki uliobanwa kupita kiasi huwa wa majimaji, huyumba, hutoa viputo. Nimekaa na swali lake miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hesabu, maana pasipo hesabu hakuna aliyekuwa na sababu ya kubana chochote. CD ya kawaida hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kulia na kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Zidisha yote hayo, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne huchukua kama MB 42. Kwa modemu za simu za mwaka 1995, zilizopitisha kilobiti 28.8 kwa sekunde, kuushusha wimbo huo mmoja kungechukua zaidi ya saa tatu. MP3 ya kilobiti 128 huufikisha karibu MB 4, yaani fungu moja kati ya kumi na moja.

Mafungu kumi mengine huenda wapi? Wengi hudhani kubana muziki ni kama kukunja kanga na kuitia sandukuni, kwamba siku ukiikunjua utaikuta ileile, na pindo lake na jina lake. Ukunjaji wa namna hiyo upo, nitaufikia. MP3 hufanya kazi ya mkasi. Huchagua nyuzi inazoamini hutaziona, ikazitoa, na zikishatoka hazirudi.

Aliyeanzisha safari hii ni Dieter Seitzer, profesa wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, Ujerumani, aliyetaka muziki upitishwe kwenye waya za simu za kidijitali. Alipoomba hataza, mkaguzi alimwambia jambo hilo haliwezekani. Seitzer akamkabidhi kazi hiyo mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, na kutoka hapo, pamoja na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ikazaliwa ile iliyoingia kwenye viwango vya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina refu la MPEG-1 Layer III. Tarehe 14 Julai 1995 watafiti wa Fraunhofer walikubaliana kwamba mafaili yake yaishie na herufi tatu: mp3.

Katika safari hiyo kuna kisa ninachokipenda kwa sababu kinafanana na cha bibi. Brandenburg alidhani kazi yake inaelekea kukamilika, ndipo akaujaribu wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", uliotoka katika albamu ya mwaka 1987. Ni sauti ya mwanamke peke yake, bila ala hata moja. Ngoma, magitaa na vinanda vilikuwa vimepita vizuri kwenye mashine yake, lakini sauti ile ya upweke ilitoka imeharibika vibaya. Akaurudia wimbo huo mara nyingi mno, akirekebisha na kusikiliza, mpaka sauti ikatulia. Ndiyo maana Vega huitwa mama wa MP3. Na shangazi aliolewa mwaka uleule wimbo huo ulipotoka katika albamu.

Kwa nini sauti moja iwe ngumu kuliko bendi nzima? Jibu liko sikioni. Simama sokoni Darajani asubuhi, rafiki akunong'oneze jambo huku dereva wa daladala akipiga honi pembeni yako. Mnong'ono ulikuwapo, hewa ilitikisika, lakini hukuusikia. Hilo halikutokana na kutokuwa makini. Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kiitwacho koklea, na kila masafa ya sauti yana mahali pake pa kutikisa ndani ya koklea. Sauti kubwa ikitikisa mahali pake, inatikisa na jirani zake, na sauti ndogo iliyo jirani haina pa kujitokeza. Mwanasayansi wa Kijerumani Eberhard Zwicker aliyagawa masafa tunayoyasikia katika mikanda 24, na ndani ya kila mkanda mkubwa humfunika mdogo.

Juu ya udhaifu huu ndiko MP3 ilikojengwa. Huukata wimbo vipande vya sampuli 1,152, ambavyo kwa kipimo cha CD ni kama milisekunde 26 kila kimoja. Kila kipande huchambuliwa kwa masafa, kisha programu hujiuliza: kipi hapa kinasikika, kipi kimefunikwa? Kinachosikika hupimwa kwa uangalifu. Kilichofunikwa hupimwa ovyo ovyo, kwa shibiri badala ya rula, au hakipimwi kabisa. Upimaji huo wa shibiri huzaa makosa, na makosa hayo masikioni ni kelele. Ustadi wote wa programu ni kuificha kelele yake chini ya sauti kubwa za wimbo wenyewe.

Bendi ina mafuniko mengi. Besi, ngoma, tarumbeta, waimbaji wanne, kelele itajificha popote. Mwanamke mmoja anayeimba peke yake hana shuka la kutosha.

Sasa rudi Kikwajuni. Kijana wa duka aliibana harusi kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho shuka ni fupi na miguu iko nje. Kila baada ya milisekunde 26 programu ililazimika kuchagua mikanda michache ya kuihifadhi na kuiacha mingine ife. Mkanda uliookolewa katika kipande hiki ukaachwa katika kile, ukarudishwa katika kinachofuata. Kuwaka na kuzimika huko kwa masafa, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, ndiko sikio linakokuita maji. Shangazi alikuwa akiyasikia maamuzi ya programu, moja baada ya jingine.

Kanda yenyewe iliongeza shida. Kila kaseti ina mvumo wake, ile shhh isiyokoma. Kwetu ni kitu kidogo, sikio hukizoea na kukipuuza. Kwa programu ya kubana ni mzigo mzito, kwa sababu mvumo umetapakaa kwenye masafa yote na hauna mpangilio wa kutabirika. Biti ambazo zingemhudumia bibi zilitumika kuuchora mvumo, na zaidi ya hapo hazikutosha kuuchora vizuri, basi nao ukawa wa kububujika.

Halafu kuna ganuni. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, na mpigaji huzigonga kwa ncha alizojifunga kwenye vidole vya shahada. Kila noti huanza ghafla, kali, kisha hufifia polepole. Huo mwanzo mkali ndio unaoisumbua MP3 kuliko jambo jingine lolote. Kelele ya makosa husambaa katika kipande kizima, hata sehemu ya kipande iliyotangulia mwanzo wa noti. Baada ya sauti kubwa sikio huwa limeziba kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kelele inayofuata haileti taabu. Kabla ya sauti kubwa, sikio liko wazi karibu kabisa. Unachosikia ni mchakacho mwembamba unaotangulia kila mguso wa uzi, kama mtu anayetangaza hodi kabla ya kugonga. Wahandisi hupenda kuyajaribu mambo haya kwa kastaneti za Kihispania. MP3 ina dawa yake, ambayo ni kukigawa kipande kuwa vipande vifupi zaidi pale inapohisi mshtuko unakuja, lakini dawa hiyo hula biti, na kilobiti 64 hazina akiba.

Vigelegele ni ganuni ya mdomoni. Ulimi hupiga kulia na kushoto kwa kasi, na kila pigo ni mwanzo mpya mkali. Kila pigo likatanguliwa na mchakacho wake, mchakacho ukaziba upenyo uliokuwa kati ya pigo na pigo, mapigo yakaungana. Ule mkato wa ghafla wa mwisho, alama ya bibi, ukawa mteremko.

Nilitaka nihakikishe kwa masikio yangu. Nilimwomba rafiki mpiga ganuni anipigie dakika mbili, mwenzake akimfuata kwa rika, nikarekodi bila kubana chochote. Kisha nikatengeneza nakala tatu za MP3: kilobiti 320, 128 na 64. Halafu nikafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye kompyuta na programu ya kuhariri sauti anaweza kulifanya. Nikaigeuza nakala ya MP3 juu chini, mabonde yakawa milima, nikaijumlisha na rekodi asilia. Kilicho sawa katika zote mbili hufutana. Kinachobaki ndicho kilichotupwa. Lazima uzilinganishe kwa makini kwanza, kwa sababu MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, sampuli elfu moja na kitu, na ukikosea kwa sampuli moja tu hesabu yote inavurugika.

Mabaki ya 320 yalikuwa mnong'ono. Niliongeza sauti mpaka mwisho ndipo nikasikia kitu kama upepo mwembamba. Mabaki ya 128 yalinishtua. Humo mlikuwa na mguso wa ncha kwenye uzi, bila noti yenyewe. Mlikuwa na vishaba vya rika vikimwagika kama mchanga juu ya bati. Mlikuwa na pumzi ya mpigaji. Mabaki ya 64 ungeweza kuyapigia makofi, maana mwendo wa wimbo wote ulikuwa umo ndani ya kile kilichoitwa taka. Mtunzi wa Marekani Ryan Maguire alifanya zoezi la namna hii kwa "Tom's Diner" yenyewe, akatunga muziki kutokana na kilichoachwa nje, akauita mradi wake mzimu ndani ya MP3.

Lakini hapa pana mtego, na wapenzi wengi wa sauti huuingia. Kuvisikia vilivyotupwa vikiwa peke yao hakuna maana kwamba ulikuwa ukivisikia vilipokuwa ndani ya wimbo. Honi ikiondoka, mnong'ono utausikia. Njia ya haki ni kujaribiwa bila kujua unasikiliza nini. Rafiki yangu alinikalisha na hedifoni, akanipigia vipande kwa kuvichanganya, mara kumi kwa kila kiwango, nami nitaje kipi kimebanwa. Kwa 320 nilipata tano kati ya kumi, sawa na kurusha sarafu. Kwa 128 ya ganuni na rika nilipata tisa. Kwa 128 ya wimbo wa muziki wa dansi, wenye magitaa matatu, saksafoni na ngoma, nilipata sita, nami nakiri kwamba sita hiyo haithibitishi kitu. Kwa 64 nilipata zote.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema MP3 iliua muziki. Faili lililobanwa vizuri kwa kilobiti 256 au 320, likapigwa mara moja kwenye spika nzuri, humpa msikilizaji karibu kila kitu. Na tusisahau ni nani aliyefaidika. Mtu anayenunua bando la siku kwa shilingi chache hawezi kuuziwa MB 42 kwa wimbo mmoja. Kwa udogo wa mafaili hayo, taarabu ya Unguja ilimfikia Mzanzibari aliye Muscat na yule aliye London kabla hajamaliza kunywa chai yake. Hilo ni jambo kubwa.

Tena namba peke yake haisemi yote. Kiwango cha MP3 hueleza faili lisomwe vipi, lakini kazi ya kuamua nini kifunikwe wameachiwa waandishi wa programu za kubana, nao hawalingani. LAME, programu ya bure iliyoanza mwaka 1998 na kunolewa kwa miaka mingi, hutoa 128 ambayo programu za haraka za siku zile hazikuifikia. Baadaye zikaja kodeki zenye mbinu mpya, AAC mwaka 1997 na Opus mwaka 2012, zinazofanya vizuri zaidi kwa biti chache. Opus ndiyo hubeba ujumbe wa sauti unaomtumia mkeo kwenye WhatsApp.

Hata mazoea yana neno lake. Profesa Jonathan Berger wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwasikilizisha wanafunzi wake muziki wa viwango mbalimbali mwaka hadi mwaka, akaona wanaoipenda sauti ya MP3 wanaongezeka. Walikua nayo. Mpwa wangu wa miaka 16, nilipomwekea rekodi asilia ya ganuni, alisema nzuri lakini imepoa.

Lililoiharibu harusi ya shangazi si MP3 moja. Ni kubana juu ya kubana. Kila aliyewahi kupeleka kopi ya kopi ya kitambulisho ofisini anajua uso unavyogeuka kuwa doa. Programu ya pili haijui kwamba ya kwanza ilipita. Huichukua kelele iliyofichwa na mwenzake ikaihesabu kuwa muziki, ikatumia biti kuichora, ikaongeza kelele yake juu. Nilijaribu kuihesabu safari ya lile faili. MP3 ya 64 dukani. Kisha simu iliyorekodi sauti ya simu nyingine hewani, ikabana kwa namna yake. Na siku ile ya Idi mpwa wangu alilisikiliza kwa hedifoni za bluetooth, ambazo nazo hubana upya sauti kabla ya kuirusha kutoka kwenye simu. Mara tatu, kila mara kwa kanuni tofauti.

Kuna wanaouza nyimbo za zamani kwenye flashi na kuziandika 320. Baadhi ni 128 zilizopanuliwa. Maziwa yaliyotiwa maji ukiyamimina kwenye jagi kubwa, maji hayatoki. Ukiwa na shaka, fungua faili katika programu inayochora masafa. Nyingi za 128 huwa zimekatwa kwenye kilohezi 16 kama ukuta uliopimwa kwa timazi, na ukuta huo hubaki hata jina la faili likibadilika mara kumi.

Mfano mkali zaidi uko kwenye simu ya kawaida. Kodeki ya kwanza ya GSM hupitisha kilobiti 13 kwa sekunde, na iliundwa kwa kumfikiria binadamu anayezungumza: koo moja, mdomo mmoja, pumzi moja. Mpe maneno, atayabeba vizuri. Mpe okestra ya taarabu, kama zile nyimbo anazosikia anayekupigia huku akisubiri upokee, naye huzitafuta fidla ishirini ndani ya koo moja. Ndiyo maana wimbo mzuri huko husikika kama mtu anasukutua.

Tusichanganye haya na ubanaji mwingine, ule wa studio, ambao hupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ili wimbo mzima upae. Huo haupunguzi ukubwa wa faili hata kidogo, lakini huchosha masikio, na nyimbo nyingi tunazozilaumu kuwa MP3 mbaya zilichoshwa studio kabla hazijafika kwenye faili. Una makala yake.

Kila zama zilikuwa na mkasi wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na wimbo mrefu wa taarabu ulilazimika kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Masafa ya juu na ya chini kabisa hayakuingia. Lakini kilichoingia kilichongwa ndani ya santuri na kimekaa humo hadi leo. Leo unaweza kuchukua santuri ileile, sindano bora na mashine bora, ukasikia zaidi ya walivyosikia wenyewe mwaka 1928.

Hapo ndipo ninapoumia. Muziki wetu wa miaka ya 1960, 1970 na 1980, dansi na taarabu, sehemu kubwa ulirekodiwa kwenye riili za redio ya taifa na kwenye kaseti za watu binafsi. Kanda hizo zinachakaa. Gundi inaachia, unga wa sumaku unadondoka, ukungu unaingia. Kila wiki mahali fulani kuna mtu mwema anayeihamishia kanda kwenye kompyuta, anaihifadhi kwa MP3 ya 128, anaandika "imeokolewa", na kanda anaitupa kwa sababu imekwisha kazi. Mtu huyo ameokoa fungu moja kati ya kumi na moja. Baba yangu alikuwa mtu huyo.

Mwaka 2004 alikuwa na udhuru. CD tupu ilikuwa na MB 700 na kanda moja ya saa nzima bila kubanwa ni MB 635, karibu CD nzima. Leo kadi ya simu ya GB 64 inabeba saa mia moja za namna hiyo. Na ule ukunjaji wa kanga niliouahidi upo tangu mwaka 2001, unaitwa FLAC. Ni wa bure. Hupunguza faili karibu nusu, na ukilifungua, kila biti ya mwanzo iko mahali pake. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinataka kanda za zamani zihifadhiwe bila kubanwa, kwa kipimo kisichopungua kilohezi 48 na biti 24. Nakala ya kusikiliza ibaneni mtakavyo, mrushiane kwa bando dogo kabisa. Nakala ya kuhifadhi isiguswe.

Mwezi uliopita binamu yangu, mtoto wa shangazi, alinipigia. "Kaka, nimefungua sanduku la marehemu baba. Kuna kanda." Upande wa bwana harusi nao walikuwa wameweka radio kaseti yao usiku ule, na hakuna aliyekumbuka.

Kigodoro cha sponji kinachoikandamiza kanda kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka. Nilifungua skrubu tano ndogo, nikauhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine. Nikasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha nikachukua bisibisi ya fundi saa, nikakitafuta kile kiskrubu kilicho pembeni ya kichwa, kinachokiinamisha kidogo upande huu au ule. Radio ya mwaka 1987 ilirekodi kwa pembe yake, na mashine yangu husoma kwa pembe nyingine. Unazungusha polepole huku ukisikiliza mvumo wa kanda. Mvumo uliofifia unang'aa, unang'aa zaidi, halafu unaanza tena kufifia. Unarudi robo ya mzunguko. Hapo ndipo.

Nikarekodi kwa kilohezi 96 na biti 24. Faili likatoka GB 2. Sikuligusa.

Shangazi alivaa hedifoni juu ya mtandio, akakaa mkekani, mikono mapajani. Dakika ya 22, baada ya ganuni kupanda na rika kunyamaza, vigelegele vikaanza, chini, mbali kidogo na mashine, kila pigo la ulimi likiwa peke yake. Vikapanda. Shangazi akafumba macho, akainua kidole kimoja hewani.

"Hapa anakata," akasema.

Vikakatika.